Gitaa ni la Nani? Mazungumzo Juu ya Vijana Wanaoanzisha Bendi

  

Leo hatutazungumza juu ya mbegu wala chanjo ya ng'ombe. Leo tutazungumza juu ya magitaa. Msicheke. Ni jambo linaloingia majumbani mwetu, na tusipolitazama vizuri litatuletea ugomvi.

Hapa Babati shule za sekondari zimeongezeka. Mtoto wa Dareda anakaa dawati moja na mtoto wa Magugu. Mtoto wa Gallapo analala bweni moja na mtoto wa Bashnet. Wanasoma pamoja, wanacheza pamoja, wanaimba kwaya pamoja. Siku moja wanakuja nyumbani na kusema: "Baba, mama, tumeunda bendi." Na muziki wenyewe haufanani na ule tuliouzoea. Si dansi, si kwaya, si ngoma. Umechanganywa.

Sisi wazazi tunajibu namna gani? Wengine tunasema, "Huo ni uhuni. Gitaa lisiingie humu ndani." Wengine tunanyamaza tu, tunasema, "Acha, atakua ataacha." Majibu yote mawili yana hasara. La kwanza linamfanya kijana ajifiche. La pili linamwacha peke yake mbele ya watu wenye karatasi na kalamu. Tunataka kutafuta jibu la tatu.

VIJANA WA SHULE MOJA HUKO NAIROBI

Kwanza tusikie habari ya kweli ya jirani zetu wa Kenya. Mjini Nairobi iko shule ya sekondari iitwayo Upper Hill. Vijana watatu walisoma hapo: Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi. Walipokuwa wanafunzi waliimba pamoja katika kikundi cha nyimbo za dini.

Walipomaliza shule hawakuachana. Mwaka 2005 walikutana na kijana wa nne, Polycarp Otieno, mpiga gitaa. Walikutana naye katika nyumba ya utamaduni wa Kifaransa hapo hapo Nairobi. Wakawa wanne. Wakajiita Sauti Sol. "Sauti" mnaijua. "Sol" ni neno la Kihispania, maana yake jua.

Miaka ile vijana wengi wa Nairobi walipenda nyimbo za kughani haraka haraka, juu ya midundo iliyotengenezwa kwa kompyuta. Hawa wanne walikuja na kitu kingine. Walikuja na sauti zao na gitaa. Mmoja aliongoza, wengine wakapokea, sauti moja juu, nyingine chini, kama kwaya. Lakini hawakuwa kwaya ya kanisani. Waliimba mapenzi, maisha ya mjini, na shida za watu.

Mwaka 2008 walitoa albamu yao ya kwanza, yaani mkusanyiko wa nyimbo, wakaiita Mwanzo. Mwaka 2011 wakatoa ya pili. Mwaka 2014 walipata tuzo ya MTV ya Ulaya, wakiwa wasanii bora wa Afrika. Julai 2015 Barack Obama, wakati huo Rais wa Marekani, alifika Kenya. Katika chakula cha jioni Ikulu ya Nairobi vijana hao ndio walioimba, na Obama akainuka akacheza nao. Mwaka 2016 walitoa wimbo pamoja na mwimbaji wetu Alikiba. Mwaka 2019 walianzisha kampuni yao ya kurekodi, wakaanza kuwasaidia vijana wengine.

Halafu mwaka 2023 walitangaza kwamba wanapumzika, kila mmoja afanye kazi zake. Walifanya maonyesho ya kuaga, na la mwisho likawa Nairobi mwezi wa Novemba mwaka huo huo.

Tupige hesabu kidogo. Kutoka 2005 mpaka 2023 ni miaka 18. Mtoto aliyezaliwa bendi ilipoanza, ilipopumzika tayari alikuwa mtu mzima. Miaka yote hiyo, wanne wale wale. Ni bendi ngapi za marafiki zinafika hata miaka miwili?

MUZIKI WA KUCHANGANYA SI UHUNI

Huenda mtu atasema, "Nairobi ni mbali, ni mji mkubwa." Haya, tuje karibu. Arusha ni kilomita zipatazo 170 tu kutoka hapa. Na kabla ya mwaka 2002, Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa, Babati ilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha.

Mjini Arusha, mwaka 1996, vijana waliunda kikundi kiitwacho X Plastaz. Walighani kwa Kiswahili. Baadaye akaingia mwimbaji wa Kimasai anayeitwa Merege. Yeye hakuacha uimbaji wa kwao. Aliimba Kimasai, kwa sauti ya Kimasai, na wenzake wakighani. Ndugu zao wadogo nao waliingia, na mmoja wao ni msichana. Watu waliosikia mara ya kwanza walishangaa. Lakini mwaka 2004 albamu yao ilitolewa na kampuni ya Ujerumani, nao wakasikika Ulaya.

Tunajifunza nini? Kwamba kitu cha kwetu hakiharibiki kwa kukaa karibu na gitaa. Hapa Babati tuna Wairaqw, Wagorowa, Wambugwe, Warangi, Wabarbaig na wengine wengi. Wairaqw wana slufay, yale maombi ya wazee. Mzee mmoja anasema, na wote waliokaa wanaitikia. Je, huko siyo kuongoza na kupokea? Vijana wa Sauti Sol walitumia namna hiyo hiyo ya kuongoza na kupokea.

Basi kijana akitaka kuchanganya, tumwambie: Nenda kwa wazee kwanza. Ukaulize. Nyimbo nyingine ni za furaha, mtu yeyote anaweza kuimba. Nyingine ni za ibada, hazichezewi. Kijana akiuliza kwa heshima atafundishwa. Na mzee akifundisha, elimu yake haitazikwa naye.

BENDI ZA ZAMANI ZILIKUWA NA MWENYEWE

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Wazee mnakumbuka bendi za zamani. Mnakumbuka NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964. Bendi ile ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa mali ya chama. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa, akipata mshahara. Jina la chama lilipobadilika kuwa JUWATA, jina la bendi nalo likabadilika. Wapigaji walikuja na kuondoka, bendi ikabaki.

Mnamkumbuka pia Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Kenya mwezi wa Januari 1979. Mwaka 1973 alitoka Morogoro Jazz akaanzisha Super Volcano. Ilibidi aanze na jina jipya.

Mambo yale yalikuwa na ubaya wake. Mwanamuziki aliweza kupiga miaka mingi na asimiliki hata waya mmoja. Lakini lilikuwapo jambo moja wazi: kila mtu alijua bendi ni ya nani.

Bendi ya marafiki wa shule haiko hivyo. Haina chama. Haina mwajiri. Gitaa limenunuliwa na baba wa mmoja. Ngoma zimeazimwa kanisani. Wimbo umetungwa na wawili, wakaurekebisha watano. Jina la bendi alilibuni mwingine. Siku wanapopiga bure chini ya mwembe, hakuna neno. Wote ni ndugu. Siku wanapolipwa harusini kwa mara ya kwanza, ndipo maswali yanapoanza. Gitaa ni la nani? Wimbo ni wa nani? Fedha ni za nani? Na akitoka mmoja, jina ni la nani?

Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na urafiki pia, ndugu zangu. Urafiki bila daftari hupotea, tena kwa kelele.

DAFTARI LA BENDI

Tunashauri bendi yoyote ya vijana, kabla ya kununua waya za umeme, inunue daftari. Ndani yake waandike mambo matano.

Kwanza, majina ya wanachama na tarehe kila mmoja alipoingia.

Pili, vyombo. Kila chombo kiandikwe ni cha nani. Kama gitaa ni la mmoja, iandikwe hivyo, na kama likiharibika nani atalitengeneza. Kama wamechanga, iandikwe kila mtu alitoa kiasi gani.

Tatu, nyimbo. Kila wimbo uandikwe jina lake, tarehe, na nani aliyetunga maneno, nani aliyetunga sauti. Siku ile ile wimbo unapomalizika, si baada ya mwaka.

Nne, fedha. Zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimebaki ngapi.

Tano, kutoka. Mwenzetu akitaka kuondoka, atachukua nini na ataacha nini? Vijana hawapendi kusema habari ya kutoka wakati wamefurahi. Lakini wakati wa furaha ndio wakati wa kuisema. Wakati wa hasira hakuna anayesikiliza.

Tuchukue mfano wa fedha. Bendi ya vijana watano imelipwa shilingi 120,000 kwa kupiga harusini. Wamelipa gari 20,000. Wamekodi vipaza sauti kwa 40,000. Matumizi ni 60,000. Zimebaki 60,000. Wanaweka akiba ya bendi 10,000. Zinabaki 50,000. Gawanya kwa watano, kila mmoja anapata 10,000.

Ni hesabu ndogo. Kila aliyemaliza kisomo anaiweza. Lakini isipoandikwa, watu watasikia "laki moja na ishirini", na kila mmoja atajiuliza kwa nini amepata elfu kumi tu. Chuki itaanzia hapo, na hakuna aliyeiba hata senti.

WIMBO NI KAMA SHAMBA

Liko neno moja tunataka wote tulijue: hakimiliki. Maana yake ni haki ya mtu juu ya kazi aliyoitunga. Hapa Tanzania haki hiyo inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Ofisi inayoshughulika na jambo hilo ni Ofisi ya Hakimiliki, tunayoijua kwa jina la COSOTA. Pia liko Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Hilo linasimamia na kusajili wasanii. Kijana asiyejua aanzie wapi, amwone Afisa Utamaduni wa Halmashauri, ya Mji au ya Wilaya.

Tuifananishe hakimiliki na shamba. Ukiwa na shamba unaweza kulima na kuuza mahindi. Shamba linabaki lako. Unaweza kumkodisha mtu msimu mmoja. Shamba linabaki lako. Au unaweza kuuza shamba lenyewe. Ukishauza, mahindi ya miaka yote ijayo si yako tena.

Wimbo ni hivyo hivyo. Mtu anaweza kukulipa upige kwenye sherehe yake. Hayo ni mahindi. Mtu anaweza kukulipa autumie wimbo wako mwaka mmoja katika tangazo la redio. Huko ni kukodisha. Na mtu anaweza kukuletea karatasi isemayo kwamba wimbo umekuwa wake moja kwa moja. Huko ni kuuza shamba. Karatasi zote tatu kwa mbali zinafanana. Zina mistari, zina nafasi ya sahihi. Tofauti iko ndani ya maneno.

Hata wenye majina makubwa wanalinda mashamba yao. Mwezi wa Mei 2022, wakati wa kampeni za uchaguzi huko Kenya, muungano mmoja wa siasa ulitumia wimbo wa Sauti Sol katika shughuli yake. Bendi ilitoa tamko mbele ya umma kwamba haikuombwa ruhusa, na kwamba itatafuta haki yake kwa sheria. Wangeweza kusema hayo kama hawakujua wimbo ni wa nani?

KARATASI ITALETWA KWETU

Sasa, wazazi wenzetu, hapa ndipo tulipokuwa tunakuja.

Kwa sheria yetu ya mikataba, mtu wa kufunga mkataba lazima awe ametimiza miaka 18. Wanafunzi wengi wa sekondari hawajafika huko. Kwa hiyo mtu akitaka nyimbo zao, mwenye busara atakuja kwa mzazi. Karatasi haitaletwa kwa kijana. Italetwa kwetu. Itawekwa mezani, karibu na kikombe cha chai. Mgeni atasema maneno matamu. Atasema, "Weka sahihi hapa tu, mzee. Mambo mengine ni ya kawaida."

Zamani wengi wetu tungetia dole gumba. Leo tunajua kusoma. Basi tusome. Kisomo hatukukipata kwa ajili ya kusoma majina ya vituo vya basi tu.

Tusione haya kusema, "Mgeni, karibu chai. Karatasi utuachie, tutakujibu baada ya wiki." Mtu mwema atakubali. Anayekataa ametujibu tayari.

Katika wiki hiyo tutafute majibu ya maswali haya. Karatasi inasema wimbo unakodishwa au unauzwa? Kwa muda gani? Malipo ni kiasi gani, na yatalipwa lini? Kijana anaruhusiwa kuimba wimbo wake mahali pengine? Akitaka kutoka, atatokaje? Kama karatasi ni ya Kiingereza, tuombe iandikwe kwa Kiswahili, au tumpelekee mwalimu, au mwanasheria tukimpata. Na tukishatia sahihi, nakala moja ibaki kwetu, ikae kwenye sanduku pamoja na karatasi za shamba.

MASOMO NA USALAMA

Mambo mawili ya mwisho.

La kwanza ni masomo. Wale watatu wa Upper Hill waliimba walipokuwa shuleni, lakini Sauti Sol yenyewe ilianza baada ya kumaliza. Bien aliendelea mpaka chuo kikuu, akasomea uandishi wa habari. Kwa hiyo tusimwambie kijana, "Chagua, gitaa au kitabu." Tumwambie, "Kitabu siku za juma, gitaa Jumamosi mchana." Na muhula wa mtihani gitaa lipumzike. Wimbo mzuri hauozi.

La pili ni mabinti. Msichana anayeimba ana haki ile ile ya mvulana. Jina lake liandikwe katika daftari, na fungu lake liwe sawa. Lakini tusiwaache watoto wetu, wa kike na wa kiume, warudi usiku peke yao kutoka kwenye sherehe. Wazazi wapeane zamu, mmoja awasindikize. Bendi yenye mzazi pembeni huheshimiwa, tena hulipwa kwa wakati.

Basi jibu letu la tatu ni hili. Kijana akija na kusema, "Tumeunda bendi," tusivunje gitaa, wala tusinyamaze. Tumwulize, "Daftari liko wapi?" Kama halipo, tukae naye, tufungue ukurasa wa kwanza, tuandike pamoja.

Tunawaachia maswali ya kujadili katika vikundi vyenu:

1. Katika kijiji chenu, ni nyimbo zipi za wazee ambazo vijana wanaweza kuzitumia, na zipi hazifai kutumiwa?

2. Vijana wanne wamenunua gitaa kwa kuchanga. Mmoja anahama. Mtaamuaje?

3. Bendi ya vijana sita imelipwa shilingi 150,000. Matumizi ni 54,000, na akiba ni 12,000. Kila mmoja atapata shilingi ngapi?

Andikeni majibu. Msiyaseme tu.